Kujichanganyia mafuta ya ndege ndogo Nairobi: methanoli, mbarika na mizani

Mafuta ya injini ya glo plagi, ile injini ndogo ya ndege za kuchezea inayowaka kwa waya wa moto badala ya cheche, ni vitu viwili: methanoli na mafuta ya mbarika. Nane kwa mbili, basi. Hata zile ndege za kasi za daraja la F2A, zinazozungushwa kwa waya katika mashindano ya kimataifa ya FAI (shirikisho la dunia la michezo ya anga), hunywa mchanganyiko huohuo wa asilimia 80 methanoli na 20 mbarika, na hukaribia kilomita 300 kwa saa. Kwa hiyo mtu akikwambia injini yako haitavuta bila galoni ya mafuta ya kiwandani ya rangi ya waridi kutoka Marekani, mwache na galoni yake.

Nairobi fomula haijawahi kuwa tatizo. Kazi kubwa ni kujua kama ulichouziwa ndicho ulichoomba. Methanoli inaweza kuwa imeshiba maji, na mafuta ya mbarika yanaweza kuwa nusu ni ya kupikia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kupima na kukagua, na kuchanganya kwenyewe kutachukua aya chache tu.

Tuelewane kwanza ni injini gani. Nazungumzia za glo plagi, za stroki mbili na za stroki nne, kuanzia vile vidude vya sentimita mchemraba 0.8 hadi zile za kumi na kitu. Kama yako ni ya petroli yenye plagi ya cheche, nenda kituo cha mafuta, tia oili ya stroki mbili kama unavyotilia mashine ya kukata nyasi, na usiguse methanoli. Kama ni ile inayoitwa dizeli, inahitaji etha pamoja na mafuta taa na mbarika, na etha ni kemikali inayodhibitiwa duniani kote kwa sababu ya watengeneza dawa za kulevya. Hiyo niiweke kando.

Kwa nini methanoli na si kitu kingine

Ndani ya glo plagi kuna waya mwembamba wenye platini. Unauwasha kwa betri ya volti moja na nusu, injini inashika, unaondoa betri, na waya unabaki mwekundu. Kinachouweka hai ni joto la mlipuko uliotangulia pamoja na methanoli yenyewe, ambayo ikigusa platini yenye moto hutoa joto bila kuhitaji cheche. Petroli haifanyi hivyo. Spiriti ya kuwashia stovu, ambayo kwa wingi ni ethanoli iliyotiwa rangi, inafanya kwa shida na mara nyingi ina maji. Thina ya rangi haifai kabisa. Muuzaji akikwambia, "Chukua hii, boss, ni kitu kimoja, tofauti ni jina," toka dukani.

Sumu kwanza

Wakazi wa Nairobi hawahitaji kuhadithiwa methanoli ni nini. Novemba 2000 pombe iliyotiwa kemikali hii iliua zaidi ya watu mia moja Mukuru na mitaa ya jirani, na wengine wakabaki vipofu. Mei 2014 yakarudi yaleyale Embu, Kiambu na kaunti nyingine, makumi wakafa. Kemikali ile ndiyo hii unayotaka kuweka nyumbani kwa ajili ya ndege ya kuchezea, kwa hiyo iheshimu.

Mililita kumi tu zikinywewa zinaweza kumpofusha mtu mzima. Ini huigeuza methanoli kuwa fomaldehidi na kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva ya jicho. Ubaya wake mwingine ni kwamba dalili huchelewa. Mtu anaweza kujisikia mzima kwa saa kumi na mbili au hata siku nzima kabla ya kichwa kuuma, kutapika na macho kuona ukungu. Ukishuku kuwa mtoto au mtu yeyote ameonja, nenda hospitali hapohapo, usingoje dalili, na ubebe chupa yenyewe ili daktari aone ni nini.

Inapita kwenye ngozi pia. Vaa glavu za naitraili na uzibadilishe zikilowa. Vaa miwani ya fundi. Usifyonze mpira kwa mdomo kuhamisha mafuta kutoka mtungi hadi tangi, hata kama umewaona mafundi wa magari wakifanya hivyo na petroli tangu utoto wako. Nunua pampu ya mkono.

Halafu chupa. Tabia yetu ya kuweka kila kitu kwenye chupa ya maji au ya soda hapa ni tabia ya kuua. Mchanganyiko uliokamilika una rangi ya manjano hafifu, unafanana na juisi iliyotiwa maji mengi. Tumia jerikeni jeupe la plastiki ngumu lenye kifuniko kinachobana, andika SUMU – METHANOLI pande zote kwa kalamu isiyofutika, chora fuvu kwa wale wasiosoma bado, na ulifungie mahali penye kufuli.

Moto nao una vituko vyake. Methanoli hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia nyuzi 11 za Selsiasi, yaani karibu kila saa ya mwaka hapa Nairobi. Mwali wake mchana hauonekani. Unaweza kuwa umesimama kando ya moto na dalili pekee ni hewa inayotetema na nyasi zinazojikunja. Usichanganyie kwenye baraza ya ghorofa huku jirani wa chini anakaanga mandazi. Tafuta uwanja wazi, mbali na jiko, sigara na jenereta, na uwe na kizima moto cha poda au ndoo ya mchanga karibu.

Kununua methanoli

Maduka ya kemikali ya Industrial Area ndiko pa kuanzia. Utaulizwa ya nini. Usikasirike, kwa historia niliyoitaja, muuzaji asiyeuliza ndiye wa kutiliwa shaka. Eleza, onyesha kitambulisho, chukua risiti na uiweke. Risiti hiyo itakusaidia pia siku askari atakapotaka kujua kwa nini una jerikeni la methanoli kwenye buti.

Tazama pipa kabla ya kumiminiwa. Methanoli ina namba ya usafirishaji UN 1230, na namba ya kemikali 67-56-1. Ukiona UN 1170, hiyo ni ethanoli. Usafi uliotajwa uwe asilimia 99.8 au zaidi. Uliza pipa limefunguliwa lini, maana methanoli hunyonya unyevu wa hewa, na pipa lililokaa wazi robo mwaka katika masika limeshakunywa maji ya kutosha kukusumbua. Ukipata chombo kilichofungwa na kiwanda, hata kwa bei ya juu kidogo, chukua hicho.

Nyumbani, ipime. Lita moja ya methanoli safi kwenye nyuzi 20 ina uzito wa gramu 791. Chukua silinda ya kupimia ya maabara (maduka ya vifaa vya shule yanaziuza), pima mililita 500, na uweke kwenye mizani ya kidijitali baada ya kutoa uzito wa silinda. Upate karibu gramu 395. Ukipata zaidi ya 400, kuna maji. Maji hayatolewi kwa kuchuja kwa kitambaa wala kwa kuacha kitu kitulie, kwa sababu yameshayeyukiana na methanoli. Irudishe.

Mafuta ya mbarika: hapa ndipo watu huharibu injini

Mbarika imejiotea yenyewe kando ya mito ya Nairobi na kwenye kila kiwanja kilichoachwa, na mtu mwenye mikono isiyotulia atajiuliza kwa nini asichume mbegu akakamua mwenyewe. Usijaribu. Mbegu zina risini, sumu kali sana, na mafuta ya kukamua nyumbani yana utomvu utakaogandisha pete ya pistoni kama gundi.

Yanayofaa ni mafuta yaliyokamuliwa baridi na kusafishwa, yasiyo na harufu ya kuongezwa. Ya duka la dawa, yale yenye alama ya BP inayoonyesha kiwango cha dawa, ni mazuri lakini huuzwa kwa chupa ndogondogo na bei yake kwa lita inatia kizunguzungu. Kwa jaribio la kwanza yanatosha. Ukishaamua kuendelea, ulizia kwa wanaouza malighafi za vipodozi na sabuni. Hao huuza kwa lita tano na wana karatasi ya vipimo.

Maduka ya nywele ya River Road yana mbarika kila rafu, na ndiyo yanayovutia kwa sababu ni rahisi. Jihadhari. Yale meusi yamechomwa na kutiwa majivu. Yale ya rangi ya dhahabu mara nyingi yamenyooshwa kwa mafuta mengine na kupuliziwa marashi. Nywele hazitalalamika, lakini kranki italalamika.

Kwa bahati, mbarika ni rahisi kumkamata mwongo wake. Mafuta ya mbarika huyeyuka ndani ya methanoli kabisa. Ya alizeti, ya mahindi, ya nazi na oili za madini hayayeyuki. Basi chukua mtungi mdogo wa kioo, tia mililita 40 za methanoli na 10 za mafuta uliyonunua, funga, tikisa, weka mahali pa usalama hadi kesho. Yakibaki angavu kama chai ya rangi nyepesi, ni mbarika. Yakiwa na ukungu, au ukiona tabaka limejitenga chini, umeuziwa mchanganyiko. Uzito nao hausemi uongo: mililita 100 za mbarika ni gramu 96, wakati mafuta ya kupikia ni karibu 92.

Jaribio hilohilo litakuonyesha kwa nini oili ya pikipiki au ya msumeno wa mnyororo haifai. Itikise hata kutwa nzima, ukiiacha dakika kumi inakaa peke yake. Ndani ya tangi la ndege itafanya vivyo hivyo, na injini itapata methanoli tupu bila kilainishi hadi ishikane.

Mbarika ina adabu moja ambayo oili nyingi za kisasa hazina: injini ikipata joto kupita kiasi, yenyewe haikimbii chuma. Inabaki utando mzito mahali ambapo oili nyingine ingeshaungua. Gharama yake ni masizi ya kahawia yanayojipaka kwenye pistoni na sailensa miaka ikienda, na bawa linalolowa mafuta kila uruko. Mimi naona ni biashara nzuri. Masizi yanasafishika, beringi iliyokatika hainunuliki kirahisi Kirinyaga Road.

Vipi kuhusu naitromethani?

Galoni za kiwandani huwa na asilimia 5 hadi 15 ya naitromethani. Inaongeza nguvu kidogo na kuifanya injini itulie ikizungushwa polepole. Pia ni kemikali inayofuatiliwa, kwa sababu inaweza kutumika kutengeneza vilipuzi, na kuitafuta madukani Industrial Area ni kujiletea maswali ambayo ndege ya kuchezea haistahili. Achana nayo. Utakachopoteza utakirudisha kwa sehemu kubwa kwa plagi yenye joto zaidi na marekebisho nitakayoeleza chini.

Kupima na kuchanganya

Pima kwa uzito. Mbarika ni nzito na inashikilia kikombe, kwa hiyo ukipima kwa ujazo utaacha sehemu ya kilainishi chako ukutani mwa kikombe bila kujua. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayobeba kilo tano inatosha, ila baada ya leo isirudi jikoni.

Kwa lita tano za mchanganyiko wa kawaida wa 80 kwa 20 unahitaji gramu 960 za mbarika na gramu 3,164 za methanoli. Injini mpya inayozoezwa, au ya zamani yenye pistoni ya chuma na kranki isiyo na beringi za gololi, ipe 75 kwa 25: gramu 1,200 za mbarika, 2,966 za methanoli. Injini za stroki nne hupenda oili kidogo, asilimia 18 inazitosha, yaani gramu 864 kwa 3,243. Usishuke hapo eti kwa sababu mbarika ni ghali.

1. Weka jerikeni tupu, kavu kabisa, juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Kama umeliosha kwa maji, liache juani siku mbili.
2. Mimina mbarika kwanza moja kwa moja ndani ya jerikeni. Ukizidisha gramu chache, acha, oili kuzidi si dhambi.
3. Rudisha mizani kwenye sifuri, mimina methanoli polepole kwa faneli, ukisimama upande upepo unakotoka.
4. Funga, tikisa dakika mbili tatu, legeza kifuniko mara moja kutoa mvuke, funga tena.
5. Liache usiku mzima, halafu chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa unapohamishia kwenye chombo cha uwanjani. Uchafu unaoonekana mdogo huziba tundu la sindano ya kabureta kwa sekunde moja.

Injini ya sentimita mchemraba 6.5 hunywa takriban mililita 30 kwa dakika ikiwa wazi kabisa, hivyo tangi la mililita 300 ni kama dakika kumi. Lita tano ni matangi kumi na sita. Usichanganye pipa zima kwa furaha ya siku ya kwanza.

Kuiwasha kwenye hewa nyepesi

Hili halimo kwenye kijitabu cha injini, maana waliokiandika hawakuwa Nairobi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Injini inapata oksijeni kidogo, kwa hiyo inataka mafuta kidogo. Sindano ya kabureta uliyowekewa na kiwanda kwa usawa wa bahari itakuwa imefunguka mno, injini itakohoa, itamwaga mafuta na kuzimika ukiondoa betri. Wengi hulaumu mafuta waliyochanganya. Funga sindano robo zunguko, jaribu, ongeza kidogo.

Kwa upande mwingine, ukishuka na ndege yako Mombasa, fungua sindano kabla ya kuwasha. Ukisahau, injini itapaa na kulia vizuri sana kwa dakika moja, kisha iungue.

Namna ya kutafuta mahali pake ni hii. Injini ikiwa wazi kabisa, na wewe umesimama nyuma ya propela, bana mpira wa mafuta kwa kidole sekunde moja na uachie. Mlio ukipanda kidogo kisha ukarudi, uko sawa. Ukipanda sana, mafuta ni mengi bado. Ukishuka au injini ikitaka kuzimika, umefunga mno, fungua upesi. Kisha inua pua ya ndege juu angani uisikilize tena, maana hivyo ndivyo itakavyopanda. Moshi mweupe hafifu uendelee kuonekana nyuma muda wote. Bila moshi hakuna oili inayopita.

Hewa nyepesi pamoja na kukosa naitromethani vinafanya mgandamizo ndani ya silinda uwe dhaifu. Kama kichwa cha injini yako kina washa (pete) nyembamba za kurekebishia mgandamizo, ondoa moja, kisha zungusha propela kwa mkono bila plagi uhakikishe pistoni haigusi kitu. Tofauti utaisikia kwenye mwendo wa polepole. Kusoma plagi kunasaidia pia: waya ukibaki unang'aa, mambo ni mema, ukigeuka kijivu na kupinda, injini ina njaa ya mafuta.

Kuhusu kurusha kwenyewe, anga yetu ina uwanja wa ndege wa Wilson katikati na vyombo visivyo na rubani viko chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Uliza ruhusa na mahali kabla ya kutafuta uwanja.

Baada ya kuruka

Usirudi nyumbani na mafuta tangini. Kamua yote, washa injini hadi yaliyobaki kwenye kabureta yaishe, tia matone machache ya oili nyepesi ya mashine kwenye kabureta na tundu la plagi, zungusha propela mara kadhaa. Methanoli iliyobaki ndani huvuta maji, na maji hula beringi. Bawa lipanguse kwa maji ya sabuni siku hiyohiyo kabla mbarika haijakauka. Rangi ya kawaida ya kupulizia huvimba na kubanduka ikiguswa na methanoli, kwa hiyo ndege iliyopakwa rangi ifunikwe kwa poliyurithani au epoksi.

Jerikeni lililofungwa vizuri, kivulini, litakaa miezi sita bila shida. Lililobaki robo lina hewa nyingi yenye unyevu ndani. Hamishia kwenye chombo kidogo. Injini ikianza kukataa kutulia na plagi zinaungua moja baada ya nyingine, pima uzito wa mafuta yako: lita moja ya 80 kwa 20 inapaswa kuwa karibu gramu 825. Yakizidi hapo waziwazi, yamekunywa maji. Usiyamwage mtaroni wala chooni, na usimpe mtu eti awashie jiko. Yarudishe kwenye duka la kemikali uliloyanunulia, au wape wanaokusanya taka za kemikali, na lebo yake ikiwa bado juu.